Amibe mara nne

Mwezi uliopita, Jumapili moja hivi, mdogo wangu alinikuta nyumbani akitoka kwake, mtaa wa Katuba, mtoto wake wa miaka 6 yuko mgongoni ijapokuwa umri wa kubebwa alisha kuuacha, na kabla hata sijamvutia kiti akanitolea mu sakoshi biyeti 4 za labo. Zote zimeandikwa kitu kimoja, kisti za amibe, kale kadudu ka chembe moja kanakokaa tumboni, na pembeni alama ya wingi, kruwa moja, kruwa mbili, tena kruwa mbili, tena moja, na nyuma ya kila biyeti dawa ni ileile, metronidazoli, siku 7. "Yaya, minachoka," akaniambia mimi mkubwa wake. "Mutoto anakunywaka dawa, anaikala muzuri siku tano, alafu tumbo inarudia. Banasema paka amibe. Sasa hii amibe inatokaka wapi?"

Mimi ni mtu wa labo. Mwaka wa 11 sasa nakaa nyuma ya mikroskopi kwenye kituo kimoja cha afya hapa Lubumbashi, asubuhi damu, mchana choo, na nawaambia ukweli, swali lile la mwisho la mdogo wangu ni swali ambalo wagonjwa karibu hawaniulizi. Wananiuliza dawa gani, bei gani, sindano ao kidonge. Kinatoka wapi, hapana. Na nilipoanza kumjibu nikagundua kwamba nina maneno ya kazi ambayo sijawahi kuyaeleza hata mu familia yangu mwenyewe, miaka yote hii, na bila hayo maneno jibu halieleweki. Ndiyo maana leo naandika, na nitaandika kirefu, mnivumilie.

Tuanze na neno lenyewe. Vitabu vya Kiswahili vinasema kimelea, wingi vimelea, na ukilisikiliza vizuri linatoka kwa kumea, ni kitu kilichomea juu ya kingine, sawa ile miti inaota juu ya tawi la mwembe na kunyonya maji yake. Sisi huku tunasema parazite kama Wafaransa, nao walilitoa kwa Wagiriki wa zamani, parasitos, mtu anayekula pembeni ya chakula cha mwingine. Watu wa pwani wana neno lao la mtu wa hivyo, mdoezi, yule anayefika saa ya bukari bila kualikwa na anajua kabisa saa mnapakuwa. Kwa hiyo kimelea ni kiumbe kinachoishi juu ao ndani ya kiumbe kingine cha aina tofauti, kinapata chakula pale, na yule mwingine anaumia kidogo ao sana. Hayo mambo matatu lazima yawe pamoja. Kuishi pale, kula pale, na kuumiza.

Na yule anayeliwa anaitwa mwenyeji. Mimi hili neno nalipenda sana, kwa sababu kwa Kiswahili mwenyeji ni mwenye mji, mtu wa mahali, na wote tunajua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kimelea ni mgeni ambaye jembe halishiki hata ukikaa naye miaka. Askari, lile nyoka la tumbo watoto wanalolitapika ao kulitoa, linaweza kuishi mwaka mmoja mpaka miwili ndani ya utumbo, jike moja linatoa mpaka mayai 200,000 kwa siku, na siku zote hizo halifanyi kazi nyingine isipokuwa kula na kuzaa.

Basi, Jumatatu nikamwambia mdogo wangu aniletee choo cha mtoto, cha asubuhi, kwenye kopo kavu safi, na afike mbio kabla hakijapoa sana. Nitawaeleza nilichoona kwa sababu hapo ndipo habari yote iko.

Unachukua kidogo kwenye ncha ya kijiti, unakoroga ndani ya tone la maji ya chumvi upande huu wa kioo, na ndani ya tone la Lugol, maji ya iodini, upande wa pili, unafunika, unaweka chini ya lenzi. Upande wa maji ya chumvi unatafuta kinachotembea. Amibe ikiwa hai na inakula inaitwa trofozoiti, inajikokota, inanyoosha mguu wa uongo mbele alafu mwili wote unamiminika kuufuata mguu, inapendeza macho kwa kweli hata kama si kitu kizuri. Upande wa Lugol unatafuta kisti, yaani amibe ileile lakini imejikunja ndani ya ganda, haili, haitembei, inangoja. Trofozoiti ni mtu yuko kazini, kisti ni mtu amevaa koti amefunga safari. Trofozoiti ikitoka nje inakufa haraka, kisti ndiyo inavumilia maji na udongo mpaka mdomo wa mtu mwingine. Kwa hiyo ukiambiwa una kisti za amibe, kwanza jua kwamba umeambiwa habari ya kitu kilichokuwa kinajiandaa kutoka kwako kwenda kwa mwingine.

Lugol inapaka kisti rangi ya kahawia njano na ndani yake viini vinaonekana, viduara vidogo vyenye nukta. Unavihesabu. Unazungusha ile visi ndogo ya mikroskopi polepole, taswira inashuka inapanda, viini vingine viko juu vingine chini, unahesabu tena. Kwenye kioo cha mtoto wetu nilihesabu 5, nikazungusha, 6, 8. Kisti inayofuata, 8. Ingine tena, 8.

Amibe inayotoboa utumbo wa watu inaitwa Entamoeba histolytica na kisti yake ikikomaa ina viini 4. Yenye viini 8 ni Entamoeba coli, msiichanganye na ile bakteria ya E. coli, ni vitu viwili mbali kabisa. Na Entamoeba coli haina ubaya. Inakaa mu utumbo, inakula bakteria na mabaki, haigusi mwili wa mtu. Neno lake mu kazi yetu ni komensali, kwa Kilatini maana yake ni wenye kula meza moja, mnakula pamoja na hakuna anayeumia. Metronidazoli mara 4 kwa ajili ya mla meza moja! Nilikaa pale na kioo mkononi na niliumia moyo, si kwa sababu ya pesa tu, ni kwa sababu ile dawa mtoto inamkausha mdomo, inamtia ladha ya chuma, inamkatiza hamu ya kula, na huyu tayari alikuwa amekonda.

Na hata ungeona viini 4 bado usikimbie. Iko amibe ingine, Entamoeba dispar, ambayo chini ya mikroskopi kisti yake na ya histolytica ni mapacha, huwezi kuzitenganisha kwa macho, na dispar nayo haiumizi. Mwaka 1993 ndo wataalamu walikubaliana rasmi kwamba ni aina mbili tofauti, na wengi wa wale wanaobeba kisti za viini 4 bila kuumwa wanabeba dispar. Kinachonifanya mimi niseme bila kusita ni kuona trofozoiti imemeza chembe nyekundu za damu. Hapo mgonjwa anatoa choo cha damu na kamasi, anasokotwa, na hapo kweli ni histolytica na dawa inatakiwa siku ileile. Kwa hiyo jamani, mtu wa labo akikuandikia amibe bila kuandika ni aina gani na iko kwenye hali gani, una haki ya kurudi dirishani na kumuuliza kwa heshima.

Lakini ngojeni, komensali nayo inasema kitu. Ile Entamoeba coli ilifikaje tumboni? Njia yake ni moja tu, choo cha mtu kuingia mdomo wa mtu mwingine, kwa maji, kwa mikono, kwa miguu ya inzi, kwa embe lililookotwa chini. Yenyewe haiumizi ila imekuja na basi ambalo abiria wengine wanapanda. Nikasogeza kioo, sikumaliza hata safu ya pili, nikawaona hao abiria wengine. Yai la askari, la mviringo, rangi ya chai iliyokolea kwa sababu ya nyongo, ganda lake limejaa mabonde na vilima pembeni kama maganda ya lichi. Ukiliona mara moja hutalisahau. Na pembeni, mawili matatu hivi, mayai ya trikosefali, mnyoo mwingine wa utumbo, umbo la pipa dogo lenye kizibo huku na kizibo huku. Biyeti 4 na hakuna hata moja iliyoyataja. Sitaji kituo kilichoziandika, na wenzangu wa labo najua hali zetu, sampuli 60 kwa asubuhi, mikroskopi moja, kioo cha jua. Ila mtu akishaona kitu cha kwanza akasimama hapo, kitu cha pili kinabaki tumboni.

Nilikuwa na vibao vya Kato, vya kuhesabia mayai ya minyoo, vilivyobaki toka kampeni ya zamani, nikapima sawasawa. Kibao kile tundu lake linabeba miligramu 41.7 za choo, unahesabu mayai yote, unazidisha mara 24 unapata mayai kwa gramu moja. Nilihesabu 212, mara 24, ni 5,088. Kwa askari chini ya 5,000 ni mzigo mwepesi, kuanzia 5,000 mpaka 49,999 ni wa katikati, 50,000 na juu ni mzito. Mzigo, hilo neno lishikeni, kwa sababu kwa minyoo swali si unayo ao huna, swali ni unayo mingi kiasi gani. Malaria kadudu kamoja kanazaliana ndani yako kanakuwa mamilioni, askari hapana, yai moja ulilomeza ni mnyoo mmoja, ukiwa na 20 ni kwamba umemeza mayai 20. Na haigawanyiki sawa mu watu. Mu kiwanja kimoja unakuta wengi wana michache ao hawana na mtoto mmoja wawili wamebeba karibu yote ya kiwanja kizima.

Jioni nikaenda Katuba mwenyewe. Nilitaka kuona, maana nilisha kuona kwenye kioo nusu ya habari tu.

Hapa niwaeleze kitu wanachokiita mzunguko wa maisha, na ndani yake wenyeji wa aina mbalimbali, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba kimelea kimoja kinaweza kuhitaji nyumba mbili. Yule mwenyeji ambaye kimelea kinakomaa ndani yake na kufanya mambo ya dume na jike, tunamwita mwenyeji wa mwisho. Yule ambaye kinakaa ndani yake kikiwa kitoto, ao kinaongezeka bila dume na jike, ni mwenyeji wa kati. Chukueni bilarzioze, kichocho kwa Kiswahili cha vitabu. Dume na jike wanaishi ndani ya mishipa ya damu ya mtu, jike analala ndani ya mfereji wa mwili wa dume kama mtoto ndani ya kitambaa, mayai yanatoka na choo ao mkojo, yanafika majini, kitoto kinatafuta konokono, kinaongezeka ndani yake, kinatoka na kutoboa ngozi ya anayeoga. Mtu ndiye mwenyeji wa mwisho, konokono wa kati. Theodor Bilharz aliwaona wale minyoo mwaka 1851 kule Cairo, ndo maana jina.

Sasa malaria ni kinyume, na kila ninapowaambia wanafunzi wa staji wanabisha. Mambo ya dume na jike ya Plasmodium, kimelea cha malaria, yanafanyika ndani ya tumbo la mbu. Kwa hiyo mwenyeji wa mwisho ni mbu, sisi watu ni wenyeji wa kati! Ndani yetu kinajigawanya tu, kwenye ini kwanza alafu ndani ya chembe nyekundu, na vichache vinageuka kuwa gametositi, ile yenye umbo la ndizi ya kukunja unayoiona kwenye gut epes, lile tone nene la damu juu ya kioo, na hiyo haikuletei homa, iko inangoja mbu aje aichukue. Mbu naye si mbebaji tu kama inzi. Inzi anabeba kisti kwenye miguu yake toka kabinet, yaani chooni, mpaka sahani, hana habari na kisti, kisti haibadiliki juu yake, yeye tunamwita vekta wa kimekanika. Mbu ni vekta wa kibiolojia, bila kupita ndani yake kimelea hakimalizi darasa, na inachukua siku 10 hivi ao zaidi kabla hajaweza kuambukiza. Maana yake mbu wa hatari ni mbu mzee. Mustikere, chandarua, yenye dawa inayomuua akiwa bado kijana imemkatia kimelea barabara, hata kama yule mbu alisha kunywa damu yenye gametositi jana yake.

Na nikiwa kwenye malaria niseme jambo ambalo linanipa furaha kila nikilikumbuka, na ambalo watoto wetu wa Lubumbashi hawafundishwi. Mnajua kwamba kimelea cha malaria kinachotumiwa kwenye labo za dunia nzima, kwa panya weupe, Ulaya, Marekani, Asia, kilitoka hapahapa? Mtafiti mmoja, Ignace Vincke, alikuwa anachunguza mbu wa misitu ya mito karibu na mji, Anopheles dureni, akaona mu mate yao vitoto vya malaria ambavyo havikufanana na vya watu, akatafuta mnyama gani mbu wale wanamnyonya, ikaonekana ni panya, na mwaka 1948 yeye na Marcel Lips wakakipata kimelea chenyewe mu damu ya panya wa porini wa Kisanga. Kisanga yetu hii! Kikaitwa Plasmodium berghei, kwa heshima ya profesa Louis van den Berghe. Miaka ya 60 wakapata ingine kwenye mbu wa Kasapa, ndiyo inaitwa ANKA, na ile KA ya mwisho ni Kasapa. Kwa wengi wetu Kasapa ni chuo kikuu na jela, basi mtafiti wa mbali anayesoma malaria ya ubongo kwa panya anaandika jina la Kasapa kila siku bila kujua iko wapi. Na kile kimelea cha panya hakiwapati watu, msiogope. Kila kimelea kina orodha ya wenyeji wake, kingine orodha ndefu, kingine jina moja tu.

Narudi Katuba. Kiwanja cha mdogo wangu kina nyumba 3, familia 3, kabinet moja ya shimo, kisima kiko hatua kumi hivi toka kwenye kabinet wakati watu wa maji wanashauri angalau mita 30, na mwembe mkubwa katikati. Chini ya mwembe ndo watoto wanacheza, na pembeni ya mwembe wale wadogo ambao wanaogopa shimo la kabinet wanajisaidia. Mama anafagia, anatupa majivu, anaona imekwisha. Yai la askari likitoka na choo haliambukizi siku ile, linahitaji wiki 2 mpaka 3 mu udongo wenye unyevu na kivuli ili kitoto kikue ndani yake. Chini ya mwembe kuna unyevu, kuna kivuli. Wakati choo kimesha kupotea kabisa kwa macho, ndo yai limeiva. Na linaweza kungoja miaka. Embe linaanguka, mtoto anaokota, anafuta kwenye kaptula, anakula.

"Lakini mi nasafishaka bintu na javeli," mdogo wangu akasema, na kweli chupa ya javeli, ile dawa ya klorini ya kusafishia, ilikuwa pale, lengalenga yote anaichovya. Nikamwambia javeli kwa bakteria inasaidia sana, cholera kwa mfano, usiiache. Ila ganda la yai la askari javeli ya kiasi hicho hailivunji, na kisti za amibe nazo ni ngumu. Moto ndo unaua. Maji yachemke, mboga ipikwe, na inayoliwa mbichi isuguliwe kwa maji mengi yanayotiririka ili mayai yaliyogandama yatoke.

Kambo wa kile kiwanja, bibi mzee, mama ya mwenye nyumba, alikuwa amekaa anasikiliza, akaniuliza kama hata funza wa zamani walioharibu vidole vyake ni parazite. Ndiyo kambo, nikamjibu, ila hao ni wa nje, na hawa wa tumboni ni wa ndani, kazi yetu inawatenganisha hivyo. Chawa wa kichwa halali nje siku hata moja, kunguni anakuja usiku anakula anarudi ukutani, funza jike anaingia karibu mwili wote ndani ya ngozi, anaacha ncha ya nyuma tu, anavimba mpaka saizi ya njegere na kutupa mayai nje. Na nikamwambia funza si wa kwetu, alitoka Amerika ya Kusini, alishuka Angola, Ambriz, na meli mwaka 1872, alafu akatembea na miguu ya wapagazi mpaka bahari ya upande wa pili. Kambo akacheka sana, akasema basi nayeye alikuja na wazungu.

Tulikuwa bado tunacheka wakati kijana wa nyumba ya tatu alipita, na mdogo wangu akashusha sauti. Huyu kijana anaanguka kifafa, miaka mitatu alikuwa anapelekwa mu vyumba vya maombi, jirani mmoja akaitwa muloji kwa ajili yake na akahama, alafu mwaka jana skana ikaonyesha vifuko mu ubongo. Tenia ya nguruwe, mnyoo wa utepe. Hapa nataka msome polepole kwa sababu ni mahali ambapo kutojua neno moja kumevunja familia mbili. Ukila nyama ya ngulube isiyoiva vizuri, yenye vile vifuko vyeupe kama punje za mchele, unapata mnyoo mrefu mu utumbo, mita 2 mpaka 7, na wewe ni mwenyeji wa mwisho, ngulube ni wa kati. Mara nyingi huumwi sana. Lakini ukimeza MAYAI ya ule mnyoo, yaliyotoka na choo cha mtu mwenye nao, mwili wako unachukua nafasi ya ngulube. Kitoto kinatoka ndani ya yai, kinaingia damuni, kinajenga kifuko kwenye misuli, kwenye jicho, kwenye ubongo. Umekuwa mwenyeji wa kati, na mwenyeji wa njia iliyofungwa, maana hakuna atakayekula nyama ya mtu ili mnyoo uendelee. Kwa hiyo mtu ambaye hajagusa ngulube maisha yake yote, Muislamu, Msabato, anaweza kupata vifuko kwa sababu aliyempikia hakunawa. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo mengi yenye tenia hii, kifafa karibu 30 kwa 100 kinatoka kwake. Na kijana kama huyu msimnunulie dawa ya minyoo mu farmasi, kifuko kikifa ghafla ubongo unavimba na mishtuko inazidi, hiyo dawa lazima munganga wa hospitali aiongoze, na kwanza dawa ya kifafa. Yeye sasa anakunywa yake kila asubuhi, amerudi kwenye kazi ya kuchomelea milango.

Kuna neno moja tena, hifadhi, rezervwari wanavyosema shuleni. Ni mahali kimelea kinabaki wakati kila mtu anadhani kimekwisha. Kwa malale ya kwetu, ya mbung'o, hifadhi kubwa ni watu wenyewe, mtu anaweza kubeba kimelea chake, trypanosoma, miezi na miaka akilima na kuoa na kusafiri bila kujua. Ndo maana timu zilikuwa zinapita kijiji kwa kijiji kupima watu wazima kabisa. Na kwa nini watu walikuwa wanazikimbia hizo timu? Melarsoprol, dawa ya arseniki, ilikuwa inaunguza mshipa na kuua karibu mgonjwa 1 kati ya 20. Toka 2018 kuna vidonge, fexinidazole, na majaribio yake yaliongozwa na daktari wetu Mkongo Victor Kande. Nikisema kubeba si kuugua, namaanisha mambo ya hivi.

Na kwa wale wanaosema bila dawa hakuna njia, angalieni mnyoo wa Guinea, ule unaoingia na maji ya kunywa na kutokea kwenye kidonda cha ngozi. Hauna dawa ya kuuua, hauna chanjo, na mwaka 1986 ilikadiriwa unawapata watu milioni 3.5. Mwaka 2023 waliandikwa 14, dunia nzima. Walichuja maji kwa kitambaa, wakazuia mtu mwenye kidonda asiingie kisimani, miaka na miaka. Kongo yetu ilipewa cheti cha kuwa huru nao mwaka 2022. Kimelea kilikatwa mahali kinapita.

Mtoto nilimpa albendazoli, kidonge cha miligramu 400, na watoto wote wa kiwanja nao wakapewa siku moja. Kwa sababu ya trikosefali, ambayo kidonge kimoja hakiiwezi vizuri, wetu alipewa siku tatu. Alitoa askari 9, mama yake aliwahesabu na kijiti akanipigia simu huku analia na kucheka. Wakanunua po mbili za kujisaidia kwa wale wadogo, mwenye nyumba akakubali kuweka kibao chenye tundu dogo juu ya shimo, udongo wa chini ya mwembe ukakwanguliwa na kufukiwa mbali. Kisima bado kiko palepale, kwa hiyo wanachemsha.

Wiki tatu baadaye niliangalia tena, vioo vitatu. Safi, isipokuwa Entamoeba coli mbili tatu zenye viini vyao 8, nikaziacha. Mdogo wangu alitaka kushangilia, nikamwambia bado, kuna muda unaitwa kabla ya kuonekana. Ni toka siku umemeza yai mpaka siku mayai mapya yanaonekana chooni, na kwa askari ni miezi 2 mpaka 3, kwa sababu kitoto kinatoka utumboni, kinapita ini, kinafika mapafu, kinapanda kooni, kinamezwa tena, ndipo kinakua. Ni tofauti na muda wa kuatamia, ule wa mpaka dalili, mtoto anaweza kuanza kukohoa wiki ya pili wakati choo chake kitakuwa negatif bado wiki nyingi. Kama alimeza yai jingine siku ileile tuliyompa dawa, kioo changu cha leo hakiwezi kuliona.

"Sasa mi nirudie lini?" akaniuliza.

Tukahesabu pamoja. Akachukua biki, akasimama juu ya kiti, akazungusha tarehe kwenye kalenda ya ukutani, na pembeni akaandika kwa herufi kubwa: CHOO CHA MUTOTO, KWA YAYA, ASUBUI.